Roketi inayoaminiwa, inayoaminika au salama?

SWALI: Katika makala niliyoitafsiri kuhusu uundaji wa roketi za kubeba watu, niliandika "uaminifu wa roketi", na mhariri akayakata maneno hayo. Je, nilipaswa kusema roketi "inayoaminiwa", "inayoaminika" au "salama"?

JIBU: Mhariri wako alifanya vyema, kwa kuwa uaminifu ni sifa ya mtu atimizaye ahadi na asiyegusa cha mwenzake, ilhali roketi haina ahadi kwa yeyote. Wanachokitafuta wahandisi ni kutegemeka kwa roketi, yaani kufanya kazi yake ipasavyo kila inaporushwa.

"Inayoaminiwa" imo katika kauli ya kutendwa, nayo hueleza jinsi watu wanavyoiona roketi. "Inayoaminika" imo katika kauli ya kutendeka, nayo hueleza hali ya roketi yenyewe. Challenger, chombo cha anga cha Marekani, kiliaminiwa, kwa sababu safari 24 za vyombo vya aina yake zilikuwa zimerejea salama. Hata hivyo, tarehe 28 Januari 1986, mipira ya kuzibia maungio ya roketi ya kando, iliyokuwa imekakamaa kwa baridi, ilishindwa kuzuia gesi ya moto, na sekunde 73 baada ya kurushwa chombo kikasambaratika pamoja na wanaanga wote 7. Kiliaminiwa, ila hakikuaminika, na hilo ndilo walilohofia wahandisi ambao, usiku wa kuamkia siku hiyo, walipinga kirushwe. Ni kweli kwamba mazoea ya kusema "inaaminika kuwa" yameififisha tofauti hii, na ndiyo sababu mimi hupendelea "inayotegemeka".

"Salama" ni jambo jingine kabisa. Tarehe 11 Oktoba 2018, roketi ya Kirusi ya Soyuz iliyorushwa kutoka kituo cha Baikonur, Kazakhstan, iliharibika dakika 2 hivi baadaye, kwa kuwa mojawapo ya roketi zake za kando haikuachana nayo sawasawa, ikaigonga. Mfumo wa uokoaji ulikichomoa chumba cha wanaanga, na Aleksey Ovchinin na Nick Hague wakatua wakiwa wazima. Roketi haikutegemeka, lakini waliokuwamo walikuwa salama. Kwa hiyo, andika "kutegemeka" unapozungumzia injini na mitambo ya akiba, na "usalama" unapofikia namna ya kuwatoa watu mitambo hiyo inaposhindwa.