Wasomaji Wanauliza: "Shuleni Wananiita Baba Njiwa"

Barua za mwezi huu ni za ndege tupu, na nyingi zimeandikwa na vijana. Tumechagua nne.

Wananicheka nyumbani na shuleni

*Shikamooni. Nina miaka 15, niko Kidato cha Pili hapa Tanga. Nina njiwa 11, nilianza na wawili. Banda nimelitengeneza kwa maboksi na mabati, nimelipachika ukutani nyuma ya jiko. Shuleni wananiita Baba Njiwa, wengine nikipita wanaguna kama njiwa na kuziba pua. Nyumbani ndiyo zaidi. Kaka anasema huo ni mchezo wa watoto. Mjomba kila akija anauliza mchuzi lini. Mama anataka niwauze wote kwa sababu wanachafua maji ya mvua na wanamwamsha alfajiri. Baba hasemi kitu, ila hela ya mtama hatoi. Mimi sitaki kuwaacha. Nifanyeje?*

Marahaba. Kwanza tenganisha mambo mawili uliyoyafunga fungu moja. Kaka na mjomba wanakutania, lakini mama analalamika, na malalamiko yake ni ya kweli. Hao wanaoziba pua nao tunawaweka upande wa mama mpaka utuhakikishie kwamba hunuki. Ukirekebisha hayo, utani utakaobaki ni mdogo na unabebeka.

Tuanze na maji ya mvua. Kinyesi cha njiwa kina vimelea vya ukungu na bakteria vinavyoweza kumdhuru mtu, hasa mwenye pumu au kinga dhaifu. Njiwa hushinda juu ya paa kwa sababu chini hakuna kinachowaita. Walishe ndani ya banda tu, asubuhi na jioni, kiasi watakachomaliza kwa robo saa. Ubao wao wa kutua uelekee mbali na nyumba. Mvua ya kwanza ikinyesha, chomoa bomba la mfereji lisimwage kwenye tangi hadi paa lioshwe.

Pili, hilo banda la maboksi livunje. Boksi likilowa halikauki, na utitiri huzaliana kwenye mikunjo yake. Jenga jingine mbali na jiko na madirisha ya kulala, juu ya nguzo nne zenye kimo cha mita moja na nusu hadi mbili. Kila nguzo izungushie bati laini lenye upana wa sentimita 40 ili panya ateleze. Liwe mbali na ukuta au tawi lolote ambalo paka anaweza kulirukia. Kwa jozi sita, mita 2 kwa mita 1.2 zinatosha. Ukuta wa nyuma pachika masanduku matatu chini na matatu juu, kila moja upana sentimita 60, kina 40, kimo 35. Kila sanduku liwe na viota viwili, maana jike hutaga tena wakati makinda ya kwanza yana wiki mbili au tatu tu na bado hayajatoka. Akikosa pa kutagia hutaga juu ya makinda, na mayai hupasuka.

Kiota kizuri ni kitako cha dumu la mafuta la lita 5, kikatwe kwa kimo cha sentimita 7. Kifuu cha nazi ni kidogo mno. Usikiache kitupu: plastiki inateleza, na kinda linalokulia mahali panapoteleza miguu yake hutawanyika pande, na huenda lisisimame tena maisha yake yote. Weka mchanga kidogo, kisha wamwagie njiwa njiti za fagio la chelewa zilizokatwakatwa sakafuni. Dume atazibeba moja moja mwenyewe.

Sasa harufu. Kinyesi cha njiwa kikiwa kikavu hakinuki sana. Kinachonuka ni unyevu, na unyevu hutokana na paa linalovuja au chombo cha maji kilichowekwa mahali wanapoweza kukikanyaga na kukimwaga. Weka maji nje ya wavu, njiwa atoe kichwa tu kunywa. Chombo kiwe na kina cha angalau sentimita 3, kwa sababu njiwa huzamisha mdomo na kunyonya, hachoti na kuinua kichwa kama kuku. Sakafu iwe ya wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, chini yake gunia au bati la kuchomoa mara mbili kwa wiki. Ukikwangua, nyunyizia maji kwanza vumbi lisiruke, na funga kitambaa puani. Fanya kazi hiyo jioni, kwa shati ambalo shuleni haliendi. Anayeingia darasani na unyoya begani anajitafutia mwenyewe.

Na kelele? Njiwa 11! Hapo pana mmoja asiye na mwenzake, au zaidi. Mara nyingi huwa dume, naye ndiye anayeguna alfajiri, anaingilia viota vya wenzake na kuvunja mayai. Mtafutie jike au mtoe. Dume utamjua kwa kuvimbisha shingo, kuguna na kujizungusha huku mkia ukiburura chini. Usipokuwa na hakika, subiri mayai: jike hutaga mawili, la pili siku mbili baada ya la kwanza. Ukikuta manne kiotani, hao ni majike wawili waliooana. Usiku shusha gunia mbele ya banda. Giza likikawia kutoka, na wao hukawia kuanza.

Baba yako tunamwelewa. Ndege mmoja mzima hula gramu 30 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo 12 watakula karibu nusu kilo, yaani kilo 14 hadi 15 kwa mwezi. Zipigie hesabu kwa bei ya sokoni kwenu kabla hujamwomba chochote. Mchanganyiko uwe mafungu mawili ya nafaka (mtama, uwele, mahindi yaliyoparazwa) na fungu moja la kunde, choroko au mbaazi. Pembeni weka kikopo cha mchanga mkavu, maganda ya mayai yaliyopondwa na chumvi kidogo sana, kwa ajili ya firigisi na ganda la yai. Mahindi yenye ukungu usiyaguse hata yakiwa ya bure, sumukuvu huua. Weka daftari: chakula kilichonunuliwa, makinda yaliyoanguliwa, yaliyouzwa. Mwonyeshe baba baada ya miezi mitatu. Mzazi asiyesema kitu mara nyingi anasubiri kuona kama utachoka.

Mjomba mwambie njiwa mzima nyama yake ngumu. Wanaoliwa ni makinda ya wiki nne, na bei yake unayo.

Hao wa shuleni waache waite. Mike Tyson, bingwa wa ndondi wa Marekani, alipokuwa mtoto Brownsville, Brooklyn, jijini New York, naye alifuga njiwa, na amesimulia mwenyewe kwamba ngumi zake za kwanza alizirusha kwa mvulana mkubwa aliyemuua njiwa wake. Hatusemi upigane. Tunachosema ni kwamba jina la Baba Njiwa halina aibu ndani yake. Ukitaka la kuwafunga midomo darasani, Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, alianza kufuga njiwa mwaka 1855, akajiunga na vilabu vya wafugaji jijini London, na sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1859, On the Origin of Species, imeeleza njiwa kwa kirefu. Siku ya sita ya kuatamia, alika wenzako wawili jioni, shika yai gizani na ulimulike kwa tochi ya simu. Wakiona mishipa ya damu inasambaa kama mizizi, wa kwanza kukuomba jozi atatoka kati ya hao hao. Lakini mtu akianza kukuibia au kuua ndege, huo si utani tena. Mpelekee mzazi au mwalimu wa nidhamu siku hiyo hiyo.

Makinda yanakufa, wanasema nina mkono wa nuksi

*Mimi ni binti wa miaka 17, Morogoro. Kaka zangu wanasema msichana hafugi njiwa, na sasa wamepata sababu: makinda yangu yanakufa yakiwa na siku kumi hivi. Mdomoni yana kitu cha njano kama jibini. Nimejaribu kuyanywesha maziwa ya ng'ombe, bado yanakufa.*

Nuksi haimo. Dalili hizo ni za ugonjwa wa koo unaoletwa na kimelea kidogo sana kiitwacho Trichomonas. Njiwa wazima hukibeba bila kuonekana wagonjwa, kisha humwambukiza kinda wakati wa kumlisha. Na hapa ndipo unapohitaji kujua kinda la njiwa hula nini. Siku za mwanzo halili nafaka. Baba na mama wote wawili hutengeneza uji mzito mweupe ndani ya gole, kile kifuko cha kooni, na kuutema mdomoni mwa kinda. Una protini na mafuta mengi, na hauna sukari ya maziwa ya ng'ombe, ambayo tumbo la ndege haliwezi kuimeng'enya. Maziwa uliyoyapa huenda yaliyaletea kuhara.

Usikikwangue kile cha njano, kinashikana na nyama na kitatoa damu. Nenda kwa daktari wa mifugo na ndege mmoja au wawili. Dawa inayotumika sana ni metronidazole, lakini kipimo hufuata uzito, usikisie kwa kidonge cha binadamu. Muhimu zaidi ni kuwatibu njiwa wote kwa wakati mmoja pamoja na wasioumwa, la sivyo mwezi ujao yatarudi yale yale. Vyombo vya maji vioshe kila siku na uvianike juani hadi vikauke kabisa, kwa sababu kimelea hiki hakistahimili ukavu.

Usichanganye na ndui, ambayo huota vigaga kwenye mdomo, macho na miguu. Hiyo huenezwa na mbu na kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki tatu au nne ndege akila vizuri. Chandarua kikuukuu juu ya banda kinasaidia sana. Ukiona shingo inapinda, ndege anazunguka na anaharisha maji, shuku kideri: mtenge na umwite afisa mifugo, hasa kama kuna kuku jirani.

Kinda likibaki yatima, lipandikize kwa jozi nyingine yenye kinda la umri uleule, tofauti isizidi siku mbili au tatu. Wazazi wa njiwa hawahesabu sana, wataliwekea chakula kama la kwao. Yakizidi matatu kiotani, hapo watashindwa.

Kasuku wa bei rahisi

*Niko Mombasa, miaka 16. Marafiki wanasema njiwa ni ndege wa watu wasio na hela. Kuna mtu ananiuzia kasuku wa kijivu bila karatasi yoyote. Nichukue?*

Usichukue. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu Januari 2017, na nchini Kenya kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2013. Anayeuza kimyakimya anajua hilo, ndiyo maana hana karatasi. Mbali na sheria, kasuku huyo anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, na akikaa peke yake hujing'oa manyoya. Wewe una miaka 16. Marafiki zako hawatakuwa nawe kumlisha ukienda chuo.

Wanazidi, na siwezi kuwachinja

*Nilianza na jozi tatu, sasa wamejaa. Nikitoa mayai wanataga tena. Kuna njia?*

Ukiyatoa unamharakisha: jike hurudi kutaga baada ya siku kumi hivi, na kutaga mfululizo kunammaliza madini ya mifupa. Badala yake mdanganye. Siku mayai yote mawili yametimia, yachukue, yachemshe dakika kumi, yaache yapoe kabisa, yawekee alama ya penseli na uyarudishe kiotani. Mayai ya mbao yaliyochongwa kwa ukubwa huohuo na kupakwa rangi nyeupe hufanya kazi vilevile na hayaozi. Wataatamia kwa zamu kama kawaida, jike usiku na dume mchana, siku 18 au zaidi kidogo, kisha watachoka na kuyaacha wenyewe. Ya kuchemsha yaondoe hapohapo wanapoyaacha, kwa sababu moja likipasuka kwenye joto la pwani, hata mama wa mwenzio wa Tanga atasikia harufu yake kutoka huko.