Nilihesabu fremu, nikasahau kibodi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeona video ya toleo la majaribio la ule mfumo endeshi. Madirisha yanavyoyeyuka ukiyafunga, nimekosa usingizi. Nikiliweka, niwashe na usimbaji wa diski, au utafanya michoro ikwame?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukagusa kidonda.

Mstari wa kwanza ni huu: hapana, haitakwama. Kazi ya kuchora madirisha hufanywa na kadi ya michoro, na usimbaji, yaani kuifunga data isisomeke bila nywila, unagusa data pale tu inapoingia au kutoka kwenye diski. Programu ikishapanda kwenye kumbukumbu, hakuna cha kusimbua tena. Isitoshe, prosesa nyingi zilizotoka baada ya 2010 zina maelekezo maalumu ya AES, njia ya usimbaji inayotumika sana, ndani yake, kwa hiyo kazi yenyewe ni nyepesi mno. Ukiona dirisha linakatikakatika, shuku dereva ya kadi ya michoro kwanza, yaani programu inayoiendesha.

Hayo nayajua kwa sababu niliyapima mwenyewe. Toleo lile lilipotoka nililiweka siku hiyo hiyo, kwenye kompyuta yangu ya kazi, ambayo ndiyo pekee niliyo nayo. (Usinicheke, na wewe umeshafikiria kufanya hivyo hivyo.) Skrini ya hezi 60 huipa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa, milisekunde 16.7 tu. Ikichelewa, fremu inarukwa na jicho linaona mkwaruzo. Nilikuwa narekodi skrini kwa simu, kwa mwendo wa polepole, nahesabu fremu zilizorukwa moja moja. Nilituma ripoti 31. Mojawapo, kuhusu kivuli cha dirisha kilichokuwa kinabaki nyuma, ilirekebishwa ndani ya siku mbili. Siku nilipoona kivuli kile kimetulia nilijiona kama na mimi nimeujenga mfumo.

Usimbaji niliuwasha wakati wa kusakinisha, kwa kuweka tiki. Ukaja ukurasa unaouliza kama nataka kuhifadhi ufunguo wa urejeshaji, ule wa kufungulia diski nywila ikikataa. Ukurasa wenyewe ulikuwa unateleza vizuri kweli. Nikabonyeza "Baadaye".

Jumapili moja usiku likaja sasisho. Nikawasha upya. Kisanduku cha nywila kikatokea kwa kufifia taratibu, nikaandika nywila, kikatikisika kushoto kulia kama mtoto anayekataa uji. Nakiri mara ya kwanza nilitabasamu, maana mtikisiko ulikuwa laini kuliko wa toleo lililopita. Nikaandika tena. Kikatikisika. Kufikia saa nane za usiku nilikuwa nakichukia kile kisanduku kama mtu aliyenitukania mama.

Nikaenda kuuliza wajuzi. Wakanieleza kwamba kwenye LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, nywila yako si ufunguo wenyewe. Ufunguo halisi ni namba ya kubahatisha, umefungwa kwa nywila na kuhifadhiwa mwanzoni mwa diski, sehemu inayoitwa kichwa. Kichwa kikiharibika, hata nywila sahihi haifungui kitu. "Sasisho limekula kichwa," akasema mmoja, na mimi nikaamini, kwa sababu nywila yangu naijua, vidole vinaijua. Una nakala ya kichwa? Sina. Ufunguo wa urejeshaji? "Baadaye." Nakala rudufu ya kazi? Nayo baadaye.

Nikafomati. Ndani mlikuwa na miezi mitano ya kutafsiri kiolesura cha programu moja huria kwenda Kiswahili. Sikuwa nimeituma popote kwa sababu nilitaka kwanza ipendeze.

Siku kumi na moja baadaye nikawa naweka nywila ile ile mahali pengine, nikagusa alama ya jicho ili niione. Palipotakiwa kuwa na @ palikuwa na alama ya kufungulia maneno ("). Nilikaa pale muda mrefu. Kibodi yangu ni ya Uingereza. Kwenye mpangilio wa Marekani, ambao ndio uliokuwa unatumika pale, alama hizo mbili hubadilishana nafasi. Mipangilio yako ya kibodi inakaa ndani ya diski, na diski imefungwa, kwa hiyo mfumo hubeba nakala ndogo ya mipangilio hiyo nje ili kisanduku cha nywila kiitumie. Sasisho lile liliisahau nakala hiyo, likarudi kwenye mpangilio wa Marekani. Kichwa cha diski kilikuwa kizima. Nywila ilikuwa sahihi. Diski niliiua mwenyewe, ikiwa na afya njema.

Sasa ndugu yangu, nisikilize. Nywila ya diski iwe ndefu, ya herufi na tarakimu, bila alama za kujionyesha. Kama unabadilisha kati ya QWERTY (kibodi ya Kiingereza) na AZERTY (ya Kifaransa) hata herufi zitakugeuka, basi epuka zile zinazohama, kama A na Q. Ongeza nywila ya pili: LUKS ya kwanza ina nafasi nane za nywila na ya pili inafika 32, wewe umetumia moja tu. Chukua nakala ya kichwa kwa cryptsetup, amri inayosimamia LUKS, iweke kwenye flashi, na flashi isikae ndani ya mkoba mmoja na kompyuta. BitLocker ya Windows inakupa ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu tupu 48, uandike kwenye karatasi. FileVault ya Mac nayo inakupa wake, uandike pia. Usibonyeze "Baadaye". Nimesema uandike? Andika. Kisha zima kompyuta, iwashe, ujifungulie kwa ufunguo huo siku ile ile, ukiwa bado huna shida.

Na ninyi mnaonitumia video za madirisha yanayoyeyuka, mna bidii ya kupima kila kinachong'aa. Nani kati yenu ameshajaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala rudufu yake mwezi huu? Mimi katika ripoti zangu 31 sikuwa na hata moja kuhusu kisanduku cha nywila, ilhali ndicho nilichokiona kila asubuhi.

Ya 32 nimeshaituma. Nimeomba kisanduku kionyeshe jina la mpangilio wa kibodi pembeni, kwa herufi za kawaida zisizocheza. Bado haijajibiwa. Katika toleo la wiki iliyopita kisanduku bado kinatikisika, na sasa wamekiongezea mlio.