Vihisi vya Karibu na Kituo Huishiwa Betri Kwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesimika vihisi 20 vya unyevu wa udongo katika shamba la nyanya, kila kimoja kikitumia betri mbili za AA. Hupokezana taarifa bila waya mpaka kwenye kituo kilicho karibu na pampu. Vihisi vitatu vilivyo jirani na pampu huzimika wiki kadhaa kabla ya vile vya mbali. Je, nimeuziwa betri mbovu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, betri zako hazina kosa, mzigo ndio umeelemea upande mmoja. Taarifa za vihisi 17 vya mbali hazina mlango mwingine wa kufikia kituo isipokuwa hivyo vitatu, kwa hiyo kila kimoja, mbali na taarifa zake, hupokea na kurusha upya za wenzake karibu sita. Vitatu hivyo vikizimika, shamba zima huwa bubu ingawa vingine vyote vingali hai.

Mlaji mkubwa wa betri ni redio. Chipu ya CC2420, iliyotumika sana katika vihisi vya aina hii, hutumia miliampia 17.4 inaporusha na 18.8 inaposikiliza, yaani kusubiri ujumbe usiokuja ni ghali kuliko kuutuma. Redio ikiwa macho muda wote, betri za miliampia-saa 2,500 zingekauka kwa siku tano na nusu; redio ikiamka kwa asilimia 1 tu ya muda, matumizi yake yatazimaliza baada ya mwaka mmoja na nusu. Anza hapo, kwa kupanga saa za redio kulala.

Kisha tazama njia. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman, Anantha Chandrakasan na Hari Balakrishnan wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza utaratibu wa LEACH, ambamo vihisi hujigawa makundi na kupeana uongozi kwa zamu, na kiongozi hujumlisha vipimo vya wenzake kabla ya kuvituma. Usiuchukue mzimamzima, kwa sababu unamtaka kiongozi arushe moja kwa moja hadi kituoni, na umbali ukiongezeka maradufu nishati ya mawimbi hupanda mara nne au zaidi. Chukua zamu na ule ujumlishaji: programu ichague jirani wa kupitishia kwa kuangalia betri iliyobaki, si ufupi wa njia pekee, na vipimo vya saa nzima viende kwa mkupuo mmoja, kwani unyevu wa udongo haubadiliki kila dakika. Karibu na pampu ongeza vihisi viwili vya kupitishia, au vipe vile vitatu paneli ndogo za jua.