Maswali yenu: programu inapoikataa video ya kamkoda

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kamkoda za HD. Naanza na swali lisilokoma.

SWALI: Nina kamkoda ya HD. Programu yangu ya kuhariri itaifungua video yake?

JIBU: Sijui, na wewe hujanipa njia ya kujua. HD inataja ukubwa wa picha tu. Nimeshaomba mara nyingi: andikeni kamera inarekodi kwa mfumo gani (HDV, AVCHD, XAVC S), na toleo la programu mnayotumia.

SWALI: Nilinakili faili za video za .MTS peke yake, nikafuta kadi. Sasa kila kipande kinapoisha sauti inakatika kidogo.

JIBU: Hili linaniuma kwa sababu linazuilika. AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, si faili moja moja bali ni mpangilio mzima wa folda. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida hutumia FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili usiopokea faili inayofika GB 4, hivyo kamkoda huikata rekodi ndefu vipande vipande. Habari za kuviunga zimo katika faili ndogo ndani ya folda za PRIVATE, AVCHD na BDMV. Ukibeba folda ya STREAM pekee, zinamokaa hizo .MTS, programu huona klipu zisizojuana.

Kwa kuwa vipande vyote unavyo, vingi huunganika vizuri kwa amri ya copy /b kwenye Windows, au cat kwenye Mac na Linux, mradi ufuate mpangilio wa namba zake. Fanya hivyo kabla ya kuviingiza kwenye programu. Na kuanzia leo nakili kadi nzima, mahali pawili, ndipo uifute. Mnaopiga harusi za watu mna wajibu huo kuliko wengine, maana harusi hairudiwi.

SWALI: Nikibadili jina kutoka .MTS kuwa .mp4 itafunguka?

JIBU: Kubadili lebo ya chupa hakubadili dawa iliyomo. Kama programu inakataa kasha la faili tu (namna picha na sauti zilivyofungashwa pamoja), tumia FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa amri za kuandika, kwa amri ya -c copy: picha huhamia kwenye kasha jipya bila kubanwa upya, na ubora haupungui hata kidogo. Achaneni na vigeuzi vya bure mnavyopakua ovyo. Vingi huibana picha mara ya pili bila kuwaambia.

SWALI: Picha ipo, sauti hakuna.

JIBU: Sauti ya AVCHD mara nyingi ni Dolby AC-3, yaani sauti iliyobanwa, na programu inayosoma picha ya H.264 (mbinu ya kubana picha inayotumiwa na AVCHD) si lazima isome Dolby. Geuza sauti pekee iwe PCM (sauti isiyobanwa) ndani ya faili ya MOV; picha usiiguse.

SWALI: Video inacheza vizuri, lakini nikianza kuhariri inakwamakwama. Ninunue kompyuta mpya?

JIBU: Subiri kwanza. H.264 ya kamkoda huhifadhi fremu kamili chache; zilizobaki hubeba tofauti tu kati yake na jirani zake. Kucheza mfululizo ni kazi nyepesi. Ukiruka katikati ya klipu, kompyuta hulazimika kurudi kwenye fremu kamili na kujenga upya zote zinazofuata hadi ile uliyoirukia. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, au geuza klipu ziwe ProRes au DNxHR, mifumo inayohifadhi kila fremu kamili. Andaa nafasi kwenye diski: ProRes 422 ya 1080 hula takriban megabiti 147 kwa sekunde kwenye fremu 29.97, ilhali AVCHD haizidi 28.

SWALI: Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye Linux inaonyesha klipu haina picha.

JIBU: Toleo hilo halisomi H.264. Jaribu programu nyingine za kuhariri, Kdenlive au Shotcut.

SWALI: Nina kanda za zamani za HDV, mfumo wa HD wa kurekodi kwenye kanda. Bado zinaharirika?

JIBU: Ndiyo, lakini zihamishe sasa. Hutoka kwenye kamera kwa waya wa FireWire, na kompyuta mpya hazina tundu hilo. Kamera zinazocheza kanda nazo zinakufa moja baada ya nyingine. Hifadhi faili ya MPEG-2 kama ilivyotoka, usiibane. Picha ya HDV ya 1080 ni pikseli 1440 kwa 1080, hivyo ukiona watu wamekuwa wembamba kuliko kawaida, weka uwiano wa pikseli kuwa 1.333.