Sindano ya mgongo au nusu kaputi kwa mama mwenye moyo mbovu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, ana presha, kisukari, na tuliambiwa moyo wake umetanuka. Juzi aliteleza akavunjika nyonga. Wanataka kumpasua kesho. Watu wanatutisha kwamba mtu wa hali yake akipewa nusu kaputi haamki. Je, tukatae mpaka wakubali kumchoma sindano ya mgongo? Na kwa nini daktari wa usingizi ametuuliza kama mama alikuwa akipanda ngazi, wakati sasa hata kugeuka kitandani ni shida?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Msikatae. Hofu hii naisikia karibu kila wiki, na imewachelewesha wagonjwa wengi kupata huduma.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa REGAIN, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, wote wa miaka 50 na kuendelea. Kura ndiyo iliyoamua nani achomwe mgongo na nani alazwe usingizi. Siku ya 60, waliofariki au walioshindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 kwa waliochomwa mgongo na asilimia 18.0 kwa waliopewa nusu kaputi. Hakuna tofauti ya kushikia bango. Ila mnaona pia kwamba namba zenyewe si ndogo, kwa njia yoyote ile. Hatari anayo mgonjwa mwenyewe kabla hata hajaguswa na sindano.

Ndiyo maana mimi ningeanza kuuliza: moyo umetanuka kwa sababu gani? Kuna wazee ambao valvu (mlango) ya kutolea damu kwenye moyo imekakamaa na kuwa nyembamba. Ukiweka kifaa cha kusikilizia kuliani mwa mfupa wa kifua, juu, unasikia mvumo wa kukwaruza unaopanda hadi shingoni. Sindano ya mgongo hulegeza mishipa ya damu na presha hushuka. Moyo wenye afya hujitahidi ukafidia. Moyo uliobanwa na valvu hauna nafasi ya kufidia, na presha inaweza kuporomoka ghafla. Kwa mgonjwa kama huyo, sindano mnayoidai kwa ajili ya usalama ndiyo ningeiogopa zaidi. Nusu kaputi nayo hushusha presha, lakini dawa zake naweza kuzipandisha polepole, nikiiangalia presha kila sekunde. Ulizeni kama mama amesikilizwa kifua na kama kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinahitajika. Kinafanyika hapo hapo kitandani.

Swali la ngazi linahusu siku za kabla hajaanguka. Aliyekuwa akipanda ghorofa mbili bila kusimama kuvuta pumzi, moyo wake una akiba. Aliyekuwa akihema kwa kutoka chumbani hadi chooni, au akilala kwa mito mitatu ili apate pumzi, huyo tunamwandalia mambo tofauti kabisa. Mjibuni daktari ukweli, msimpambie mama.

Sasa dawa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msitaje majina kwa kukumbuka. Chukueni mfuko mzima mpeleke. Niliwahi kumhudumia mama ambaye binti yake aliumwaga mfuko kitandani, na kati ya pakiti za presha ikaonekana dapagliflozini, dawa ya kisukari ambayo hakuna aliyeitaja. Kwa upasuaji wa kupangwa huachwa siku 3 kabla, kwa sababu mgonjwa akifunga kula inaweza kujaza asidi mwilini huku sukari ikisoma kawaida. Kwa mfupa uliovunjika hakuna siku 3 za kusubiri, kwa hiyo tulipima ketoni, yaani dalili ya asidi hiyo, kila baada ya saa chache. Bila ule mfuko tusingejua cha kutafuta. Dawa za kuzuia damu kuganda ni muhimu vilevile: sindano ya mgongo ikichomwa dawa hizo zikiwa bado na nguvu, damu inaweza kuvujia ndani, ikakandamiza uti wa mgongo na kumpoozesha mtu. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama bisoprololi, kwa kawaida huendelea hata asubuhi ya upasuaji. Msisimamishe wala kuongeza chochote wenyewe.

Kuhusu kufunga: chakula chepesi mwisho muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu mwisho muda wa saa 2 kabla, isipokuwa daktari wake aseme vingine. Kwa kuwa ana kisukari, ombeni awe wa kwanza kwenye orodha.

Kuahirisha kuna gharama yake. Mzee aliyelala na nyonga iliyovunjika hupata nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni, na maumivu yenyewe huupiga moyo mbio. Tunajitahidi afanyiwe ndani ya saa 48. Kungoja saa chache kurekebisha maji mapafuni au mapigo yaliyovurugika, sawa. Kungoja wiki moja ili sukari ipendeze kwenye karatasi, hapana.

Na akiamka salama, msiondoke wote. Wengi wanaofariki hawafii mezani, wanafariki siku zinazofuata wodini. Moyo unaweza kuumia siku ya pili au ya tatu bila kifua kuuma, maana dawa za maumivu huficha. Mkiona anahema kuliko jana, au ameanza kuchanganyikiwa usiku na kuwaita watu wasiokuwepo, mwiteni muuguzi saa hiyo hiyo. Mpelekeeni miwani yake, na kifaa cha masikio kama anacho, na awepo mtu mmoja ambaye mama anaifahamu sauti yake.