Jibu: Kupima tuta na handaki la boma la kale

Mkuu, umeuliza utapimaje tuta na handaki la boma kilimani huko Muheza bila mashine. Piga vigingi viwili, kimoja ndani ya boma, kingine ng'ambo ya handaki, uzi ukatize tuta kwa pembe mraba. Tumia mshipi wa nailoni; katani yetu ya Tanga hulegea katikati, na kila sentimita inayolegea inakupunguzia kina cha handaki. Sawazisha uzi kwa pimamaji, kisha shusha futi ya kupimia kutoka kwenye uzi hadi ardhini kila sentimita 50, penye mteremko mkali kila 20. Futikamba ifuate uzi. Ukiilaza ardhini, upana unazidi. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, iachie kuonyesha mahali tu. Nenda kiangazi, nyasi zikiwa fupi, asubuhi na mapema: vivuli virefu hufichua hata tuta lililokwisha kulika. Kuchimba usithubutu bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale ya serikali.