ASCII tupu kwenye msimbo: maswali yenu

*Mwalimu, shikamoo. Kiongozi wetu ameweka kanuni kwenye linta (programu inayokagua msimbo): herufi yoyote isiyo ya ASCII, msimbo unakataliwa. Si kutuonea huku? (Msomaji, Mbeya)*

Marahaba. Hawaonei, anawalinda. ASCII, orodha ya msingi ya herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za kompyuta, ina alama 128 tu, na nje ya hapo macho hudanganyika kirahisi. "а" ya Kirusi na "a" yetu hufanana kabisa kwenye skrini, lakini kwa kompyuta, ile ya kwanza ni U+0430 na ile ya pili ni U+0061 (namba zao kwenye Unicode, orodha pana ya herufi za lugha za dunia), kwa hiyo vigeu viwili vyenye jina moja machoni pako ni vitu viwili tofauti. Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha jinsi alama zisizoonekana za kugeuza mwelekeo wa maandishi, zinazohitajika kihalali kuchanganya Kiarabu au Kiebrania na Kilatini, zinavyoweza kumfanya mkaguzi asome jambo moja huku kompyuta ikitekeleza jingine. Shambulio hilo waliliita Trojan Source.

*Mbona linta inakataa mstari wangu wenye neno "ng'ombe"? (Mafinga)*

Ni ritifaa, kile kialama cha juu baada ya "ng". Simu na programu za kuandikia barua huipinda yenyewe ikawa U+2019. Irudishe iwe iliyonyooka, U+0027, kisha zungushia neno alama za kunukuu zenye vistari viwili ("). Ukitumia za kistari kimoja ('), ritifaa itafunga maandishi katikati ya neno.

*Natengeneza kamusi ya Kinyakyusa. Nifute ɨ na ʉ ili linta ikubali? (Tukuyu)*

Hapana, tafadhali usifute! Ukiandika i mahali pa ɨ, umechanganya sauti mbili ambazo msemaji wa Rungwe anazitofautisha tangu utotoni, na kamusi yako itawapotosha wanaojifunza. Maneno yote yaweke kwenye faili la data lenye usimbaji wa UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi zote za Unicode), programu iyasome kutoka humo. Kanuni ya ASCII ihusu faili za programu peke yake. Folda ya data iachwe nje waziwazi kwenye mipangilio ya linta. Timu ikikataa hilo, bishana nayo. Mimi niko upande wako.

*Sina linta bado. Nianzie wapi? (Njombe)*

Kwenye Linux andika:

`grep -nP '[^\x00-\x7F]' faili.py`

Itakuonyesha kila mstari wenye herufi ngeni pamoja na namba yake. Kwa lugha ya Python, linta iitwayo Ruff ina kanuni RUF001 hadi RUF003 za kukamata herufi zinazofanana. Ukaguzi huo uweke pia kwenye seva inayopokea msimbo wa timu, maana kwenye kompyuta ya mtu binafsi ni rahisi kuuruka.